Dumu la Nyuma ya Mlango

Gari lilizama mchangani upande mmoja kwanza, kisha upande wa pili. Baba akakanyaga mafuta, magurudumu yakazidi kujichimbia. Chini kukasikika mlio mmoja mkavu, kisha injini ikanguruma bure, gari halisogei. Ekseli ilikuwa imekatika.

Walikuwa katikati ya mto uliokauka, ndani ya hifadhi ya taifa ambayo picha zake zimejaa kwenye kalenda za madukani. Askari wa getini aliwaonya wasiache barabara kuu mpaka wafike kambini. Baba, fundi wa betri za magari, aliona njia ya mkato akaipenda. Mama akasema simba wa humu wana bahati, wanaletewa chakula mpaka nyumbani. Hakuna aliyecheka. Simu hazikuwa na mtandao.

Walikuwa wanne: baba, mama, binti wa miaka kumi na sita waliyemwita Bi Kimya kwa aibu zake, na kitindamimba wao wa miaka minne, Kibonge. Baba aliamua wasitoke kwenda kutafuta msaada kwa miguu, kwa kuwa wanyama walikuwa wengi. Maji walikuwa nayo, madumu mawili. Nusu ya dumu la kwanza ilikuwa imeishia kwenye rejeta njiani, lakini la pili halijafunguliwa, basi wakanywa na kupika bila kujibana.

Asubuhi ya pili Kibonge alianza kutapika na kuharisha. Kufika adhuhuri macho yake yalikuwa yamezama, na alipolia hakutoa machozi. Dumu la kwanza likaisha.

Mama akafungua la pili. Akamimina kwenye kikombe cha plastiki, akakiinua kichwa cha mtoto.

Tangu nyumbani Bi Kimya alikuwa na jambo moyoni. Alipolipakia dumu lile, lilimvuta bega kuliko mwenzake, na yote yalikuwa na ukubwa mmoja. Alitaka kuuliza. Lakini baba alikuwa uvunguni mwa gari akihimiza, na jirani amesimama pale anaangalia, naye akanyamaza. Sasa kikombe kilikuwa kinakaribia midomo ya mdogo wake.

Akakipiga kofi.

Kikombe kikaruka. Kilichomwagika kikaangukia jiwe jeupe la chokaa, na jiwe likatoa povu, likachemka kama sufuria iliyo motoni.

Mama alilitazama jiwe, kisha akautazama mkono wake. Matone mawili yalikuwa yameanza kumchoma. Baba aliyafuta kwa shati lake, kisha akamgeukia binti yake.

"Hili dumu umelitoa wapi?"

"Nyuma ya mlango, Baba. Ulisema dumu la maji, nyuma ya mlango."

"Wa jikoni, mwanangu. Mlango wa jikoni."

"Ulikuwa karakana, nikadhani mlango wa karakana. Na ukiwa huko, maji unaita hayo."

Ni kweli. Karakana na jiko la nyumba yao viligawana ukuta mmoja. Upande wa jikoni, maji yalikuwa maji. Upande wa karakana mteja alisema "nitilie maji," na baba akamtilia asidi kwenye betri. Miaka yote neno lile lilivuka ukuta bila kumdhuru mtu.

Baba alikaa chini mchangani. Mama hakumlaumu, na kule kutolaumiwa kulimuumiza zaidi.

Bi Kimya ndiye aliyeona mashimo kwenye kona ya mto. Kando yake palikuwa na kinyesi kikubwa, kingine kibichi. Alimwambia baba kwamba tembo huchimba wanaposikia harufu ya maji chini. Wakachukua sepetu na sufuria. Walichimba kwa zamu, na kila mara baba aliuliza kwa sauti kama mtoto anapumua, na mama, kivulini mwa gari, akajibu kwamba anapumua.

Kwenye kina cha kiuno mchanga ukalowa. Maji ya rangi ya chai yakaanza kujikusanya, kijiko kwa kijiko. Sufuria ilikuwa karibu kujaa, ndipo tembo jike akatokea kwenye ukingo, mtoto wake nyuma yake. Akatanua masikio.

"Rudi kinyumenyume," baba alinong'ona. "Usikimbie. Iache sufuria."

Bi Kimya hakuiacha. Aliibeba kwa mikono miwili, akarudi hatua kwa hatua, macho yake yakiwa kwa tembo, na hakumwaga tone.

Mama aliyachuja maji kwa kitenge, akayachemsha, akatia sukari na chumvi kama alivyofundishwa zahanati. Alimnywesha Kibonge kwa kijiko. Jua lilipoinama mtoto alilia tena, na safari hii machozi yakatoka.

Doria iliwakuta asubuhi ya tatu. Kambini walikuwa wamesubiriwa, ndipo wakaanza kutafutwa. Kibonge alitundikiwa dripu kwenye zahanati ya hifadhi, na jioni akaketi kitandani akaomba maji.

Mama alifungua bomba, akajaza kikombe. Akasimama nacho katikati ya chumba. Mtoto alinyoosha mikono, na mama hakuweza kumpa. Baba aligeukia ukutani.

Bi Kimya akakichukua kikombe mkononi mwa mama. Akanywa funda moja, akatulia, wote wakimtazama kooni.

"Ni maji," akasema, kwa sauti iliyosikika mpaka nje. Kisha akampa mdogo wake.