Feni Iliyowapa Watoto Mgongo

Haya niliambiwa na jirani yangu Mwanaharusi, kiangazi cha mwaka 1995, tukitwanga mlenda mkavu uani kwake. Yeye ndiye mama yake Salha. Yalitokea katika shule ya mtaa wetu hapa Dodoma, na wajukuu zangu wamenufaika nayo. Ndiyo maana nayaandika.

Miaka hiyo biashara ilikuwa imefunguliwa, maduka yamejaa vitu. Bwana Halfani, mwenye duka la vifaa vya umeme, akaipa shule yetu feni yenye mguu mrefu. Ikapelekwa darasa la tano. Watoto walikuwa wengi humo, na hewa nzito.

Kwetu mgeni hukaa mbele. Basi na feni ikawekwa mbele, kando ya ubao, ikiwatazama watoto. Mwanaharusi akaifumia kitambaa cheupe cha kufunika juu inapozimwa. Mzee Matonya, mwenyekiti wa kamati ya shule, akacheka.

"Sasa hata feni imevaa ushungi!"

Salha, aliyesoma darasa hilo, alikuwa na pumu. Mama yake akamwomba Mwalimu Charles, "Mwalimu, mweke mwanangu pale mbele ya feni apate hewa."

Mwalimu akakubali. Madirisha ya mashariki yalikuwa yamezibwa kwa magunia, maana upepo ulileta vumbi la uwanjani.

Lakini Salha hakupata nafuu. Alikohoa kuliko zamani. Kifua kililia kama filimbi. Mara kwa mara alipelekwa hospitali.

Baba yake, Abdulrazaki, alikuwa akisafiri kununua mahindi Kibaigwa. Siku ya kuondoka alisema, "Mama Salha, nimeshaamua. Nikirudi nikimkuta hivi, shule basi."

"Baba Salha! Yuko darasa la tano tu!"

"Bora nibaki na mtoto asiyesoma kuliko kubaki na madaftari yake."

Mwanaharusi alilia, kisha akajifunga khanga akaenda zahanati kwa bibi afya, Devota.

"Nyumbani anakohoa?" Devota aliuliza.

"Jumapili anacheza vizuri tu. Jumatatu akitoka shule ndiyo taabu."

"Basi tukaione shule. Watoto wakishaondoka, njoo na chetezo na udi kidogo."

Jioni wakakutana darasani, pamoja na Mwalimu Charles na Mzee Matonya. Mzee Matonya alipoona chetezo alishangaa.

"Udi darasani? Leo tunamwoza nani?"

"Hatuozi mtu, mzee wangu," Devota alijibu. "Hewa haionekani. Moshi utatuonesha inakopita. Nimengoja watoto waondoke kwa sababu moshi huu unaumiza vifua vyao."

Wakawasha feni. Moshi ukaenda hadi ukuta wa nyuma, ukapanda juu, ukarudi mbele. Ukazunguka tena. Haukutoka.

"Mwalimu, tafadhali futa ubao kama kawaida," Devota alisema.

Mwalimu Charles akafuta kwa kitambaa kikavu. Unga wa chaki ukaruka, feni ikausukuma moja kwa moja hadi madawati ya mbele. Devota akapitisha kidole juu ya dawati la Salha. Kikatoka cheupe.

Mwanaharusi akashika mdomo. "Kiti chenyewe nilikiomba mimi!"

"Ulimtakia mema, mama. Lakini feni hii haisafishi hewa. Inaisukuma tu. Ikikuta chaki, inasukuma chaki. Tuipeleke kwenye dirisha la magharibi, itazame nje."

"Iwape watoto mgongo?" Mzee Matonya aliruka. "Hiyo si adabu! Halfani atasema tunapoza mihogo ya jirani!"

Mwalimu Charles naye aliuliza, "Na joto je, bibi afya?"

"Hewa ikipita, na joto linapungua. Upepo wetu hutoka mashariki. Toeni magunia, hewa mpya iingie huku. Feni iitoe iliyochoka kule."

"Na vumbi la uwanjani?"

"Fagieni watoto wakishaondoka, na mnyunyize maji kwanza. Kikija kimbunga cha vumbi, fungeni. Kikipita, fungueni. Na ubao ufutwe kwa kitambaa chenye unyevu."

Wakahamisha feni na kutoa magunia. Moshi ukanyooka kama kamba, ukatoka dirishani. Mzee Matonya akatoka kuhakikisha.

"Umenifuata mpaka huku!" alipaza sauti. "Nanukia kama bwana harusi!"

Wote wakacheka. Mwalimu Charles akasema, "Kesho Salha atakaa pale dirisha la mashariki, mbali na ubao."

"Na dawa zake aache?" Mwanaharusi aliuliza.

"Hata kidogo," Devota alijibu. "Atumie kama daktari alivyomwambia. Hewa nzuri haishiki nafasi ya dawa."

Basi ndivyo ilivyofanyika. Baada ya wiki chache kikohozi cha Salha kilipungua sana. Hata mjukuu wangu Stanley, aliyekuwa akipiga chafya kutwa, akaacha. Namshukuru Devota aliyekuja kwa miguu yake. Namshukuru Mwalimu Charles aliyekubali kupanga darasa upya. Namshukuru na Bwana Halfani, maana bila feni yake tusingejifunza lolote.

Abdulrazaki akarudi kutoka Kibaigwa, amechoka, nguo zimejaa pumba za mahindi. Alipomaliza kula alimwita mwanawe.

"Salha, njoo unisomee. Nataka kusikia hicho kifua."

Salha akasoma ukurasa mzima. Hakukohoa. Baba yake akatega sikio, kisha akainamisha kichwa.

"Alhamdulillahi," alisema. "Kesho uwahi shule, mama. Endelea kusoma."

Salha akafungua ukurasa mwingine. Kabla hajaumaliza, baba yake alikuwa anakoroma. Mwanaharusi, aliyeketi mkekani, naye akasinzia, akalala. Salha akawafunika wote wawili shuka, akamaliza ukurasa wake kwa sauti ndogo. Kisha akapuliza kibatari, akajinyoosha kando ya mama yake, akalala.