Viatu vya Mama Mkwe

Nilikuwa namenya viazi nje ya jiko, hapa kwetu Njombe, simu ikaita. Alikuwa wifi yangu Kristina. Alikuwa hospitali ya Ikonda, amempeleka mama mkwe kupimwa macho.

"Wifi, mama hawezi kusimama," alisema. "Miguu imekufa ganzi tangu jana mchana. Wamempima, hawajaona kitu."

Nilimwambia tumwombe Mungu. Kisha nikabaki na kisu mkononi. Jana mchana ndipo fundi Lenard alipomaliza kuirekebisha ile picha ya kuchorwa ya sebuleni.

Picha yenyewe ni ya mama mkwe akiwa msichana, mke mpya wa mfanyabiashara wa mbao Makambako. Reli ilikuwa ngeni na mji ulikuwa na watu wanaojua kuvaa. Wanaume walivaa bugaluu, wanawake nywele za afro na magauni ya kuburuza, wakaenda kucheza dansi kama wanaotazamwa na dunia nzima. Wenye uwezo walichorwa na Silvanus, mtu wa Ludewa. Alipaka rangi nzito, kwa haraka, kama mwenye hasira. Ukisogea karibu unaona mikwaruzo tu. Ukisimama mlangoni unakaribia kusikia gauni likichakacha.

Viatu hakuchora hata siku moja. Chini ya pindo aliacha kitambaa kitupu. "Silvanus alikuwa akisema mrembo ukimvika viatu anaondoka," mama mkwe alitusimulia, nasi tukacheka. Mimi niliona ni kisingizio cha mtu asiyejua kuchora miguu.

Sasa tulikuwa na ibada ya shukrani nyumbani, mchungaji na wageni wanakuja. Watu wa hapa nawajua. Wangesema mama mkwe anasimama peku kwenye nyumba ya mkwewe. Nikamwita Lenard, anayeandika mabango ya maduka Makambako, amwekee viatu vyeusi vya kisigino. Mama mwenyewe sikumuuliza.

"Huyu dada alikuwa anasubiri viatu tu aende dansini," Lenard alinitania akifunga makopo yake.

Niliacha viazi, nikaingia sebuleni. Msichana alikuwa pale pale ukutani, mkono kiunoni. Lakini jana pindo la gauni lilipepea upande wa dirisha. Sasa lilipepea upande wa mlango.

Nikampigia Kristina.

"Mama anasemaje?"

Alijibu kwa kunong'ona. "Anasema vinambana. Analia avuliwe viatu." Akashusha sauti zaidi. "Wifi, mama hana viatu."

Nilichukua tina aliyoiacha Lenard, ile ya kuyeyushia rangi, na kitambaa cha jikoni. Nikasugua kiatu cha kwanza. Rangi ilitoka, nyeusi, ikaniingia kwenye kucha. Simu ilikuwa sakafuni, spika imefunguliwa.

"Amechezesha vidole," alisema Kristina. "Mguu mmoja."

Niligeuka kulowesha kitambaa. Niliporudi kwenye picha, kiatu cha pili hakikuwapo. Sikuwa nimekigusa. Pale kilipokuwa palikuwa peupe, pakavu. Hapakuwa na alama.

"Na wa pili," alisema Kristina, sasa akicheka na kulia. "Wifi, anasimama."

Wiki hiyo hiyo mama alirudi nyumbani. Alitembea polepole, ameshika bega la Kristina, akaja kunikumbatia.

"Kristina ameniambia ulivyoniombea," alisema. "Mungu akubariki, mwanangu."

Niliitikia amina. Sikumwambia. Hata mume wangu Elius sikumwambia. Lenard alipopiga kuuliza kama wageni waliipenda kazi yake, nilisema waliipenda sana. Picha nilikuwa nimeigeuza, imeangalia ukuta.

Jioni nikapakua ugali, maharage na kabichi jikoni. Nilihesabu watu kwa macho, kama kila siku, maana wanangu hupenda kupotelea kwa majirani. Elius. Rejoice na mdogo wake Anania. Kristina. Mama mkwe, karibu na jiko la mkaa, blanketi mabegani. Milango ilifungwa kwa sababu ya baridi.

Tukasikia kisigino sebuleni.

Ko.

Kisha mguu mtupu, taratibu, juu ya saruji.

Ko.

Elius aliacha tonge. Rejoice alituangalia mmoja mmoja.

"Mama, nani hayupo?"

"Wote tupo," nikasema. "Kula."

Ko. Mguu mtupu. Ko. Vishindo vikapita mlangoni. Vikasimama nyuma ya kiti changu. Nilisikia gauni likichakacha.

Mama mkwe aliinua macho, akatazama juu ya kichwa changu. Hakushtuka. Alishusha blanketi, akanyoosha mgongo, akaweka sawa kilemba chake, kama mtu aliyefikiwa na mgeni aliyevaa kumzidi.

"Mama Rejoice," alisema kwa upole. "Msogelee wifi yako kidogo. Mpishe akae."

Nikasogea.