Gari la Mikate Njia ya Kulia

Kila siku ya shule Chiriku aliingia darasani akinukia mikate. Mama yake alikuwa dereva wa kiwanda cha mikate, na kwa kuwa shule ilikuwa kando ya barabara kuu, alimpakia mtoto pamoja na makreti, akamteremsha getini, kisha akaendelea kusambaza mzigo madukani. Jina la Chiriku alipewa na mama huyohuyo, kwa sababu mdomo wake haukupumzika tangu anapofunga mkanda hadi anaposhuka.

Walikuwa wamehamia nchi hii si muda mrefu. Kule walikotoka mama aliendesha magari miaka mingi bila kugonga hata kuku, na hakuchoka kulisema hilo. Nyumba waliiacha, ndugu waliwaacha, vyombo waliviuza. Udereva ndio kitu pekee ambacho mama alivuka nacho mpakani kikiwa kizima. Kiwandani walimchukua kwa majaribio, wakamwambia kwamba kuajiriwa moja kwa moja kutategemea mwenendo wake barabarani.

Barabara kuu ya huku ilikuwa pana, njia mbili za kwenda na mbili za kurudi, na katikati ukuta mfupi. Mama aliingia njia ya kulia tangu mwanzo, asitoke humo mpaka alipokaribia shule. Aliendesha taratibu, mikono yote miwili kwenye usukani. Nyuma yake magari yalipanga foleni. Madereva waliwasha na kuzima taa, wakapiga honi, na waliofanikiwa kupenya kushoto waligeuza shingo wakamkata jicho. Mama alisema watu wa huku wana haraka kama wameacha chungu motoni, akaendelea na mwendo wake.

Chiriku naye aliwachukia watu hao, hadi siku moja wakati wa mapumziko. Msichana wa darasani kwao, ambaye baba yake alikuwa dereva wa teksi, alimuuliza kama lile gari la mikate linaloziba barabara kila asubuhi ndilo linalomleta. Wenzao wakaangua kicheko. Baadaye msichana yule alimweleza pembeni, bila kejeli, kwamba huku watu husafiri njia ya kushoto. Ya kulia ni ya kulipita gari lililo mbele tu, na ukishalipita unarudi kushoto. Anayeng'ang'ania kulia huonekana hana adabu, na baba yake alikuwa akililalamikia gari hilo kila jioni wakati wa kula.

Kesho yake njiani Chiriku alimtazama mama, ameketi wima, ameridhika na kazi yake, akaongea mengine yote isipokuwa lile aliloambiwa. Alimwonea mama aibu, kisha akajichukia kwa kumwonea aibu. Angemwambiaje mtu mzima, aliyeanza kuendesha kabla yeye hajazaliwa, kwamba anakosea? Akajipa moyo kwamba mama atagundua mwenyewe. Siku zikapita na mama hakugundua kitu.

Ijumaa moja gari dogo lilichoka kusubiri nyuma yao. Likawapita upande wa kushoto kwa kasi, kisha likajichomeka mbele yao ghafla. Mama alikanyaga breki kwa nguvu zake zote. Mkanda ulimbana Chiriku kifuani, na nyuma makreti yakaporomoka kwa kishindo. Waliponea chupuchupu. Hakuna aliyeumia, lakini mikate mingi ilibondeka, na mama alilazimika kuegesha gari pembeni kupanga upya makreti.

Jioni mama alimpitia Chiriku shuleni, wakarudi kiwandani pamoja. Msimamizi wa madereva alikuwa akiwasubiri ofisini, mtu mpole asiyependa makelele. Alisema namba ya simu iliyoandikwa nyuma ya gari imepigwa mara nyingi, na wote waliopiga wana lalamiko moja, kwamba dereva huyu hapishi wenzake. Sasa na mzigo umeharibika. Hakuona namna ya kumbakiza kazini.

Mama hakubishana. Alitoa funguo za gari akaziweka mezani.

"Bosi, mimi sijamgonga mtu maisha yangu yote," alisema kwa sauti ya chini. "Nadhani watu wa huku hawatutaki tu. Nitatafuta kazi nyingine."

Chiriku alimwona mama akigeuka kuelekea mlangoni, na woga wa kumuumiza ukashindwa na woga mwingine mkubwa zaidi.

"Mama, si hivyo," alisema. "Mimi najua kwa nini wanapiga honi. Nimejua siku nyingi."

Akaeleza yote aliyoambiwa na mwenzake, macho yakiwa sakafuni. Msimamizi akamgeukia mama, akamuuliza kwa nini basi anakaa njia ya kulia.

"Kushoto kuna watembea kwa miguu," mama alijibu. "Kuna baiskeli, mikokoteni, watoto wanatoka shule. Kwetu dereva mstaarabu anawaachia upande wao. Mwenye haraka anatafuta pa kupita."

Msimamizi akacheka kwa ahueni. Alikuwa amejiandaa kumfukuza mtu jeuri, kumbe mbele yake alisimama mtu mwenye adabu za barabara nyingine. Akamweleza kwamba kwenye barabara kuu ya huku watembea kwa miguu na wenye baiskeli wana njia yao nje ya uzio wa barabara. Akachukua funguo, akamkabidhi mama, akamwambia waende wakajaribu.

Walibanana watatu kiti cha mbele. Mama aliingia njia ya kushoto kwa wasiwasi, akichungulia kando kutafuta watembea kwa miguu ambao hawakuwapo. Walipokuta lori linalojikongoja, aliwasha indiketa, akalipita, akarudi kushoto. Hakuna aliyepiga honi. Waliporudi, msimamizi alisema majaribio yanaendelea, na kwa uendeshaji huu haoni sababu ya kumnyima kazi.

Walipofika nyumbani na gari la mikate, mama hakushuka.

"Ulijua, ukanyamaza," alisema.

"Niliogopa utaumia, mama."

"Leo nusura tuumie sote wawili." Hakusema kwa hasira. "Wale wa honi hawanijui, siwalaumu. Wewe ni mwanangu. Mimi nimekuja hapa na desturi za kwetu, na nyingine huku hazifai, lakini sitazijua nisipoambiwa. Ukiona nakosea, nivute pembeni uniambie kwa heshima. Kunificha kosa langu si kunisaidia, hata kama umenificha kwa kunipenda. Umenielewa?"

"Nimeelewa, mama. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Haya, kuna lingine ninalokosea?"

Chiriku alifikiri kidogo.

"Lipo," alisema. "Pale kwenye mzunguko wa barabara, karibu na soko."

Mama alizima injini, akajigeuza kitini ili amsikilize vizuri.