Washa Tatu za Njiti

Haya ninayowasimulia ni kweli tupu, kuanzia neno la kwanza hadi nukta ya mwisho. Nikitia chumvi hata punje moja, ninyoeni masharubu yangu, ambayo nimeyalea miaka arobaini kwa mapenzi kuliko mbuzi yeyote niliyewahi kufuga. Haya, tulieni.

Mjukuu wangu ana miaka kumi na miwili. Kwa wembamba wake tunamwita Njiti. Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, hufuta vumbi pikipiki ya mama yake, hubonyeza magurudumu kujua kama yana upepo, kisha hutazama kiasi cha oili kwa makini kama daktari anayesoma kipimo cha homa. Mama yake ni mkunga. Pikipiki hiyo kuukuu, yenye kifua kipana kama fahali, ndiyo inayomfikisha kwa wajawazito wa ng'ambo ya mto.

Tatizo lilikuwa kelele. Injini ililia tik-tik-tik-tik njia nzima, hata watoto wa mtaani wakaipachika jina la Cherehani.

"Cherehani hiyooo!" walipaza sauti langoni. "Njiti, mwambie mama yako atushonee kaptula!"

Njiti alicheka pamoja nao. Lakini nilimwona akiingia ndani huku akiuma mdomo.

Jumamosi moja shangazi yake aliamua kuishughulikia. Shangazi huyo ni binti yangu, fundi wa pikipiki, na karakana yake ya mabati imeegemea ukuta wa nyumba yetu. Aliinama, akatega sikio.

"Unasikia? Hizo ni tapeti, vyuma vidogo vinavyosukuma valvu. Za pikipiki hii hujaa oili ndani. Presha ya oili ikiwa ndogo hazijai, ndiyo maana zinagonga."

"Na kwa nini presha ni ndogo, Shangazi?"

"Springi ya presha imechoka. Imezeeka kama babu yako, inasinzia kazini."

Nilikuwa barazani, macho wazi kabisa, nikiyasikia yote.

Springi hiyo hukaa nyuma ya bolti moja ubavuni mwa injini. Shangazi alifungua bolti, akaweka washa moja nyembamba, kipete bapa cha chuma, nyuma ya springi ili ikaze kidogo, akafunga. Kisha akaunga geji ya kupimia presha na kuwasha injini. Mshale ulipanda, ukasimama.

"Hapo hapo," alisema. "Zitagonga kidogo leo na kesho, kisha zitajaa na kutulia. Mimi nakwenda dukani kutafuta springi mpya. Njiti, mtu asiiguse."

Akaifungua geji, akaitia mkobani, akaondoka.

Hapo ndipo alipotokea mpita njia mmoja. Simjui, sijawahi kumwona. Alikuja kuomba maji ya kunywa, akamkuta Njiti ameiwasha pikipiki na kununa. Tik-tik-tik.

"Washa moja tu?" aliuliza mpita njia. "Mjukuu wangu, enzi zetu tuliweka saba! Pikipiki yangu ilitulia hata nikawa naipita nyumba yangu bila kujua nimefika. Kuku aliyeatamia hakufumbua jicho. Washa moja ikipunguza kelele, nne si zitaimaliza kabisa?"

Mpita njia akanywa maji, akaenda zake.

Njiti alilitazama kopo la washa. Alisikia sauti ya shangazi yake, "mtu asiiguse", na sauti za langoni, "Cherehani hiyooo!" Mikono yake, ambayo ilikuwa imeshika spana mara nyingi, ikaamua kabla ya kichwa. Alifungua bolti, akaongeza washa tatu, akaifunga kwa nguvu zake zote. Akawasha injini.

Kimya! Ilinguruma taratibu kama paka aliyeshiba. Watoto langoni walikodoa macho.

Furaha hiyo haikumaliza hata dakika mbili. Simu ya mama yake ililia ndani, naye akatoka mbio na mkoba wake wa kazi.

"Uzazi wa kwanza, ng'ambo ya mto, uchungu umekaza," alisema, akirukia pikipiki. "Lo! Imenyamaza! Wifi yangu ana mikono ya dhahabu."

Njiti alifungua mdomo. Pale pikipiki ilipokuwa imesimama, sakafuni palikuwa na tone jeusi, kubwa kama punje ya harage. Pembeni yake tone la pili. La tatu lilikuwa njiani kuelekea langoni.

"Mama..."

Mama alikuwa amekwisha kata kona.

Njiti alipiga hesabu. Akinyamaza, huenda mama akafika salama, na hakuna atakayejua. Lakini kama hafiki? Kati ya kona ile na mto ni pori tupu, hakuna nyumba wala simu haishiki. Na upande wa pili yuko mwanamke anayesikilizia mlio wa pikipiki.

"Oili kidogo haiui mtu," sauti moja ilimwambia kutoka barazani.

Njiti hakuisikiliza. Alikimbia. Barabara huzunguka uwanja wa mpira kabla ya kushika njia ya mto, naye akakata katikati ya uwanja, akamkwepa golikipa, akapenya katika karakana ya seremala, akaruka mbao, ndara moja ikabaki huko. Alitokea barabarani akiwa ametanua mikono, macho ameyafumba.

Breki zililia. Vumbi lilipotulia, mama yake alikuwa hatua moja mbele yake.

"Unataka kufa, wewe mtoto?"

"Mama, zima injini! Nimeongeza washa. Shangazi alikataza, mimi nikaongeza. Inavuja!"

Mama alizima. Alitazama chini. Kiatu chake cha kulia na mguu wa suruali vilikuwa vyeusi kwa oili, na nyingine ilikuwa ikitiririka kutoka kwenye mfuniko wa filta, chujio la oili.

"Ngapi?" aliuliza kwa sauti ndogo iliyotisha kuliko kelele.

"Tatu."

Mama alitwaa mkoba wake. Alimgeukia seremala, aliyekuwa amesimama na ndara mkononi. Seremala alikuwa amepakia kitanda kipya kwenye pikapu yake. "Panda, mkunga," alisema. "Mwenye kitanda atasubiri." Wakaondoka, mama ameshikilia mkoba kifuani.

Njiti alikaa kando ya pikipiki saa tatu nzima. Hakula. Kila gari lilipotokea upande wa mto, alisimama, kisha akakaa tena. Hatimaye pikapu ikarudi, na mama akachungulia dirishani.

"Msichana," alisema. "Mzima, na mama yake mzima. Tulifika zikiwa zimebaki dakika kumi."

Ndipo Njiti akalia.

Shangazi aliporudi, aliikuta pikipiki imesukumwa hadi karakanani. Alizitoa zile washa tatu, akampa Njiti azishike. Kisha akamwonyesha gasketi ya filta, ule mpira unaozuia oili isivuje, iliyopasuka kama mdomo.

"Presha kidogo, tapeti zinagonga. Presha nyingi, oili inatafuta pa kutokea, na ikiisha, injini inakwama. Ndiyo maana kuna geji. Ulipima?"

"Sikupima, Shangazi. Nilitaka tu inyamaze wasinicheke."

"Sikia, mwanangu. Injini inayogonga bado inakwambia kinachoiuma, nawe unaweza kuitibu. Mtu naye ni vivyo hivyo. Ulikosea, lakini ulisema mapema, na kuna mtoto leo ameuona ulimwengu kwa sababu hiyo. Siku utakayokosea ukanyamaza, hapo ndipo nitakapokunyang'anya spana."

Walifunga gasketi mpya na springi mpya. Safari hii Njiti ndiye aliyeshika geji. Baada ya siku tatu tapeti zilitulia zenyewe.

Hadithi yangu ilikuwa iishie hapo. Lakini nilifanya kosa la kuwasomea watu wa nyumbani. Nilipofika kwa mpita njia, Njiti aliinua mkono kama aliye darasani.

"Babu, mpita njia gani?"

"Yule... aliyeomba maji."

"Aliyeniita mjukuu wangu? Aliyekunywa kwa kikombe chako, kisha akarudi kukaa barazani?"

Shangazi yake aliweka spana chini. Mama yake aliweka kijiko chini. Wote watatu walitazama masharubu yangu.

"Baba," alisema binti yangu, "uliapa."

Mkasi alishika Njiti. Kazi aliifanya vizuri, taratibu, akipima kwanza upande huu na upande ule.

Siku hizi mdomo wangu wa juu unahisi baridi, na watu sokoni huniuliza kulikoni. Nina jibu zuri sana lenye mamba ndani yake. Lakini Njiti huwa amesimama karibu yangu, kwa hiyo nasema tu, "Nilikosea, nikanyamaza, nikanyolewa."