Jina Kwenye Pembe ya Bodi

— Beryl ni nani?

Kahindi hakuinua uso. Mzigo wa bodi mpya za saketi ulikuwa wazi mezani, dukani kwangu mtaani Kuze ninapotengeneza redio na simu. Pembeni mwa kila bodi palichapishwa kwa herufi nyeupe: Kahindi na Beryl. Zile za kwanza ziliandikwa Kahindi na Mbodze.

Mbodze ni mimi. Harusi yangu na Kahindi ilikuwa imebakisha wiki tatu.

Kidude kinachotumia bodi hizi tulikibuni pamoja kwa miaka miwili. Hupima joto kwenye masanduku ya samaki kule bandari ya samaki ya Liwatoni, na hulia barafu ikianza kuyeyuka. Michoro yote tuliiweka mtandaoni bure, mtu yeyote achukue, atengeneze, abadilishe atakavyo. Sharti lilikuwa moja, tena Kahindi mwenyewe ndiye aliyeling'ang'ania: majina ya waliobuni yasifutwe.

— Ni mwenzangu kazini. Alisaidia kidogo tu.

Nilifungua ukurasa wa mradi, maana huko kila badiliko huhifadhiwa na jina la aliyelifanya, siku na saa. Jina langu alilifuta Kahindi, Jumapili ile aliyoniambia yuko Kaloleni kwa mamake, kupanga mambo ya harusi. Chini yake Beryl ameandika: "Asante mpenzi. Sasa ni letu sisi wawili." Hadharani, dunia nzima isome! Watu wazima hao, wana digrii zao.

Nilimsomea neno kwa neno. Nilidhani nitalia, wapi. Nilihisi ganzi tu, kama mdomo uliotoka kung'olewa jino.

— Nisamehe, Mbodze. Jina lako nitalirudisha leo hii.

— Usijisumbue. Nakala ya michoro nimeshaichukua, nitatengeneza zangu.

Nikamrudishia pete, akaondoka. Mama nilipomwambia harusi haipo tena, alilia kwa niaba yetu sote wawili. Mimi nilirudi dukani, nikarekebisha saketi na kuagiza bodi zangu.

Mwezi mmoja baadaye Kahindi aliziona Liwatoni. Ujumbe ukaingia:

"Nimeona bodi zako. Jina langu hukulifuta."

"Ndilo sharti."

"Kwa hivyo bado wanipenda?"

Nililehemu waya mbili nilizokuwa nimezishika, nikaweka chombo chini, ndipo nikamjibu.

"Ni sharti tu, Kahindi."