Uzi Usiotikisika

Walburga alirudi na mishumaa ya kuangazia mazoezi ya muziki, mvua ikinyesha na giza likishuka juu ya mapaa ya Vienna, akamkuta mgeni mlangoni pake. Mgeni alikuwa ameikumbatia fidla ya Anselm.

"Homa imemzidi Bwana Anselm," alinong'ona. "Amenituma nishike nafasi yake."

Anselm? Mwenzake wa muziki wa miaka mingi, asiyekubali fidla yake iguswe hata na mama yake mzazi?

"Huyo simtaki," mdogo wake, Kreszenz, alimnong'oneza jikoni. "Ananuka nta ya kanisani. Halafu koti kavu kabisa, na mvua yote hiyo, dada!"

"Hebu nyamaza, mpishi wee. Madonge yako ya unga yanaungua."

Walburga akarudi kwa mgeni, akachukua gitaa lake.

Wakaianza sonata, ule muziki wa fidla na gitaa aliozoea kuupiga na Anselm. Fidla iliimba, gitaa likaitikia. Kila sehemu iliporudiwa, mgeni aliipamba kwa madoido ya Anselm, yale yale, ambayo hayajapata kuandikwa popote.

Amejifunzia wapi?

Ndipo Walburga akatambua kilichokosekana. Fidla ikipiga noti ya La karibu nawe, uzi wa La wa gitaa hutetemeka wenyewe, bila kuguswa. Jioni ile... wapi! Walipopumzika, alikunja kipande cha karatasi, akakipandisha juu ya uzi.

"Nipe La," alisema, akijifanya anausawazisha uzi wake.

Mgeni akavuta La ndefu, tamu.

Karatasi haikutikisika.

"Dada!" Kreszenz aliita kutoka jikoni. "Mbona muda wote unapiga peke yako? Huyo bwana anaanza lini?"

Mgeni alipoirejea sonata, vidole vya Walburga vilimfuata vyenyewe... hadi likabaki pigo la mwisho.

Mgeni aliinua upinde, akangoja.

"Tumalizie, Bibi."

Huyu si binadamu; pigo hili litamwondoa Anselm duniani, Walburga aliwaza. Akazibana nyuzi zote kwa kiganja.

"Basi," mgeni alisema taratibu, "Anselm ataendelea kungoja."

Akatoka. Ngazi za mbao hazikulia.

Walburga alikimbia hadi kwa Anselm, ng'ambo ya kichochoro. Anselm alikuwa ameketi kitandani, jasho likimtiririka, fidla yake mapajani. Mama yake aliapa kwamba fidla haikutoka chumbani humo tangu asubuhi.

"Mbona umesita, Walburga?" Anselm alilia. "Pigo moja tu! Aliniahidi tukimaliza ataniacha."

"Nani?"

Anselm alitazama nyuma ya bega la Walburga, kisha akakunja miguu polepole, kama anayempisha mtu akae kitandani.