"Ndiyo" Iliyomponza Celina

Celina na mumewe Marcelino waliuza viatu vya shule Kariakoo. Mzigo waliuagiza Dubai, kwa muuzaji aitwaye Paras. Kila wiki Celina alienda kwenye intaneti kafe ya Hinal, mtaa wa pili, kumwandikia Paras barua pepe kwa Kiingereza chake cha kuungaunga.

Alipenda kompyuta ya dirishani. Ilikuwa na vivinjari viwili, yaani programu za kufungulia kurasa za intaneti. Celina alitaka kimoja tu.

"Hiki kinanijua," alijisifu. "Nikikifungua, barua zangu hizi hapa. Kile kingine kina maswali kama polisi!"

Desemba moja, shule zikikaribia kufunguliwa, alifungua barua zake akapigwa na butwaa. Jana yake Paras alikuwa ametumiwa barua kwa jina la Celina: "Usinitumie vile viatu vyeusi. Muuzie mwingine."

Jana hiyo Celina hakutoka dukani kutwa! Bila mzigo ule, Januari wangeuza nini? Wateja wa miaka yote wangehamia kwa jirani.

"Hinal! Umeandika barua kwa jina langu!" alifoka.

Hinal alikuja mbio. "Mimi? Mama, hata sijui unamwandikia nani. Hebu nipishe kidogo."

Alifunga kila kitu, kisha akafungua kivinjari upya. Barua za Celina zikatokea papo hapo.

"Yesu wangu! Umelijuaje neno langu la siri?"

"Silijui, mama. Kompyuta ndiyo inalijua. Yeyote anayekaa hapa baada yako anaweza kusoma barua zako, na kuandika pia. Siku moja iliuliza kama ilikumbuke neno lako la siri. Ulijibu nini?"

Celina aliona aibu. Kompyuta ikimuuliza lolote kwa Kiingereza, alibonyeza ndiyo. Aliona ndiyo adabu. Mtu akikuuliza kwa lugha usiyoielewa vizuri, utamkataliaje?

"Huwa najibu ndiyo," alisema kwa sauti ndogo.

"Mama! Kuuliza si ujinga. Ungeniita tu."

Hinal akamweleza. Kwenye kompyuta ya watu wengi, kivinjari kikitaka kukumbuka neno la siri, jibu hapana, hata kama unakipenda vipi. Ukimaliza, toka kwanza kwenye barua zako. Kufunga kivinjari tu hakutoshi. Wakalifuta neno la zamani, Celina akaweka jipya.

Kisha akampigia Paras simu.

"Sijamuuzia mtu," Paras alisema. "Barua ile ilinitia shaka. Kiingereza chako huanza na viatu, ndipo rangi, kama mnavyosema kwenu. Changu nacho hufuata lugha ya kwetu. Ile barua ilitanguliza rangi, Kiingereza kimenyooka mno! Nikasema ningoje simu yako."

Celina alicheka huku akilia. Aliyeiandika hawakumjua kamwe. Lakini viatu vilifika, na Januari duka lilijaa wazazi.

Jumamosi moja alikuwa kwa Hinal akiandika. Pembeni yake alikaa mzee mwenye koti. Swali la Kiingereza likatokea kwenye kioo chake, naye akapeleka kidole kwenye ndiyo.

"Hapana!" Celina alipiga kelele.

Mzee aliruka kitini. Kafe nzima ikageuka kuwatazama.

"Shikamoo, mzee," Celina alisema, akishika kifua. "Jibu hapana kwanza. Sababu nitakueleza."